Kamba, kizibo cha soda na daftari: niliyosema kwenye mkutano wa wakulima Muheza

Watu wengi ambao hawakufika Jumamosi wameniomba niandike yale niliyosema. Wengine najua mvua iliwazuia, wengine najua kabisa walikuwa mnadani. Haya, nimeyaandika kama nilivyoyasema, pale nilipojirudia ndivyo nilivyojirudia siku ile. Picha nilizoonyesha ukutani zimebaki kwenye kompyuta ya kijana wangu, hazina shida, maneno yanatosha.

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu shikamooni, mama zangu, dada zangu, na nyie vijana mliokaa kule nyuma karibu na mlango ili mtoroke, nawaona.

Naanza na swali. Ukisikia mtu anasema kilimo cha kisasa, kichwani inakujia picha gani? Semeni tu. Trekta, sawa. Droni, ehe, huyu kijana ameangalia sana Youtube. Lile banda la plastiki la nyanya, sawa. Sasa nani hapa ana hela ya trekta? Mbona kimya? Hata mimi sina. Bas hayo tuyaweke kando, tusije tukakaa hapa saa mbili tunazungumzia mali za watu.

Mimi nimekuja na kikapu, ningekuja na mfuko wa rambo lakini walishaupiga marufuku. Humu ndani nina kamba ya manila, nina kizibo cha soda, nina chupa tupu na nina daftari. Hicho ndo kilimo cha kisasa nilichokileta leo. Kilimo cha kisasa ni kupima. Narudia, ni kupima. Ukiwa na trekta na hupimi, wewe unalima kizamani kwa haraka zaidi.

Baba yangu alikuwa mkata mkonge, jioni na Jumapili analima shamba lake, na alilima kwa jicho na alivuna. Msidhani nakuja kuwadharau wazee. Lakini mzee alikuwa na kitu ambacho mimi na wewe hatuna, alikuwa na pori la kuhamia. Shamba likichoka anafyeka upande wa pili, hili anaacha miaka sita saba linapumzika, majani yanaota, yanaoza, udongo unarudi. Wewe utahamia wapi? Huku mkonge, huku michungwa ya watu, huku barabara, huku watu wameshapima viwanja. Eka zako mbili ndo hizo hizo mpaka mwisho wa dunia. Mtu wa kuhamia anaweza kukisia. Wewe wa kubaki hapo hapo ukikosea unakosea juu ya kosa la mwaka jana.

Tuanze na udongo. Kuna mzee jirani yangu, leo hayupo na angekuwepo angenikubalia niseme. Miaka mitatu mahindi yake yakifika magotini yanageuka zambarau. Majani ya chini zambarau, mashina membamba kama kalamu. Yeye kila mwaka anaongeza nini? Urea. Mwaka wa kwanza mfuko mmoja, wa pili mfuko mmoja na nusu, wa tatu miwili. Na kila mwaka zambarau inazidi.

Sasa nawauliza kina mama. Unapika wali wa nazi, mchele mzuri, nazi umekuna tatu, chumvi hujatia. Watu wanaonja wanasema haunogi. Utakuna nazi ya nne? Si ndio hapo? Mzee alikuwa anakuna nazi. Mahindi yana lugha yao jamani, jani la chini likianza kuwa njano kutoka nchani linaingia katikati kama herufi V, hiyo ni njaa ya naitrojeni. Zambarau mara nyingi ni njaa ya fosforasi. Kingo za majani zikiungua kama zimepitishwa kwenye moto, angalia potasiamu. Na urea ni naitrojeni peke yake, haina kitu kingine. Isitoshe ukiiweka mwaka hadi mwaka inazidisha uchachu wa udongo, na udongo ukiwa mchachu fosforasi hata ile kidogo iliyomo inashikwa, mmea hauipati. Kwahiyo mzee alikuwa ananunua ugonjwa kwa hela yake, mfuko kwa mfuko.

Mnaona zile namba kwenye mfuko wa mbolea? DAP imeandikwa 18-46-0. Mlidhani ni namba ya simu ya kiwandani? Ya kwanza ni naitrojeni, ya majani. Ya pili ni fosforasi kwa hesabu yao ya viwandani, hiyo ya mizizi. Ya tatu ni potasiamu, inasaidia shina kuwa na nguvu na tunda kujaa. Ni asilimia. Mfuko wa kilo 50 wa DAP una kilo 9 za ile ya kwanza, kilo 23 za ile ya pili, ya tatu hamna. Urea ni 46-0-0, kilo 23 za naitrojeni na sifuri mbili. Ndo maana DAP tunaita ya kupandia na urea ya kukuzia. Mimi nimenunua mbolea miaka tisa kabla mtu hajanieleza hizo namba, na aliyeniuzia nadhani naye alikuwa hazijui.

Dawa yake ni kupima udongo, na bahati yetu watu wa Tanga hatuna haja ya kupanda basi mpaka Morogoro, TARI Mlingano, kituo cha serikali cha utafiti wa kilimo, iko hapa hapa wilayani kwetu upande wa Ngomeni, na kazi yao ni udongo na mkonge. Unachotakiwa ni kuchukua sampuli vizuri. Usichote pale penye kichuguu wala pale ulipochoma takataka wala chini ya mwembe. Tembea shambani zigizaga, kila baada ya hatua kadhaa chimba kina cha jembe, kama sentimita 20, chukua kidogo, tia kwenye ndoo safi, ndoo iliyobeba mbolea hapana. Sehemu kumi na tano hivi. Changanya, anika kivulini, beba nusu kilo. Mzee jirani alipeleka, udongo wake ukakutwa mchachu, akaambiwa atie chokaa ya kilimo na aachane na hiyo mifuko miwili ya urea. Ipo pia mbolea ya Minjingu, ile ya mwamba inayochimbwa Manyara, ambayo kwenye udongo mchachu inafanya kazi vizuri. Msimu uliofuata zambarau ilikuwepo, sitawadanganya, lakini pembeni pembeni tu. Udongo hauponi kwa siku moja.

Sasa mbegu. Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Mkonge huu mnaouona kutoka hapa mpaka Korogwe ulianza vipi? Mwaka 1893 yule Mjerumani Hindorf aliagiza vimiche kama 1,000 kutoka Florida, vikapitia Hamburg, njiani vikafa na kufa, vilivyopona vikapandwa Kikokwe pale Pangani vilikuwa 62. Sitini na mbili! Mkoa mzima ukabadilika kwa vimiche 62. Sisemi habari za ukoloni na jasho la babu zetu, hiyo ni hotuba nyingine na ile nitaitoa kwa hasira. Nasema uone mbegu ni kitu gani.

Kwenye mahindi kuna mbegu za aina mbili na watu wanazichanganya. Kuna chotara, haibridi, hiyo inazaa sana mwaka wa kwanza, ukichukua punje zake ukapanda tena watoto hawafanani, huyu mrefu, huyu mfupi, huyu hana gunzi, na mavuno yanashuka. Hiyo kila msimu unanunua. Halafu kuna zile za kawaida zilizoboreshwa kama Staha na TMV-1, zinafaa ukanda wetu huu wa chini, hizo unaweza kutunza mbegu misimu miwili mitatu ukichagua vizuri kutoka katikati ya shamba. Hakuna iliyo mbaya. Mbaya ni kuwa na haibridi ukadhani ni Staha.

Na mbegu feki zipo. Mimi mwenyewe nimeuziwa, duka silitaji, pakiti nzuri inang'aa, mahindi niliyoyaona yakaota ni kama robo ya shamba, mengine ni ardhi tupu. Angalieni lebo ya TOSCI, wale wa serikali wanaothibitisha ubora wa mbegu, kwenye pakiti na muihakiki kwa simu, risiti mchukue, na kabla ya kupanda fanyeni jaribio. Hesabu punje mia, zilaze kwenye kitambaa kibichi, kunja, weka kivulini, kila siku nyunyiza maji. Siku ya saba fungua hesabu. Zimeota 90? Panda. Zimeota 60? Rudi dukani na kitambaa chako kama kilivyo, ukakifungulie pale kwenye kaunta watu wote waone.

Lakini iliyoniuma zaidi ni mihogo. Shangazi yangu, na mke wa mjomba ni shahidi yuko hapa, alilima mihogo eka moja, mihogo imestawi, kisamvu cha kijani kizuri, watu wakipita wanasifia. Amekaa mwaka na miezi, ameshamwahidi mtoto ada. Siku ya kung'oa tumeenda wote. Shina la kwanza likatoka na mihogo minene, tukapiga kigelegele. Shangazi akachukua kisu akakata mmoja katikati. Ndani kahawia. Madoa makavu, magumu kama kizibo cha chupa ya mafuta. Akakata wa pili, kahawia. Akahamia mstari mwingine, akang'oa, akakata, kahawia. Hakusema neno, alikaa chini kwenye tuta na kile kisu mkononi, mpaka mjomba akaja kukichukua.

Ule ugonjwa unaitwa michirizi kahawia. Na mnajua ulielezwa wapi kwa mara ya kwanza duniani? Hapa kwetu. Mtafiti mmoja wa kituo cha utafiti cha Amani, kule juu mlimani, Storey, ndiye aliyeuandika mwaka 1936. Amani ile ile Wajerumani waliyoianzisha 1902, baadaye ikawa ya utafiti wa malaria. Waingereza pale walikuwa wanazalisha mihogo ya kuhimili magonjwa, wakaupandanisha mhogo na mmpira, ule mti wa mpira ulio ndugu wa mhogo, halafu wakawa wanarudia na mhogo tena na tena. Mbegu za kazi ile zilipelekwa mpaka Naijeria na zikawa msingi wa mihogo inayohimili batobato, ule ugonjwa mwingine wa mihogo, huko. Yani Wanaijeria wanakula gari, kile chakula chao cha mihogo, mzizi wa habari uko Amani, na sisi tulio chini ya mlima tunapanda vijiti vya jirani bila hata kuviangalia.

Maana kosa la shangazi lilikuwa wapi? Vijiti. Aliomba mbegu kwa jirani kama wote tunavyofanya, jirani akamkatia kwa moyo mweupe. Batobato unaiona, majani yanajikunja yana madoa ya njano, mtu anaikwepa. Michirizi ni mnafiki. Juu kijani, chini kumeoza. Ukiangalia sana utaona majani yale ya chini yaliyokomaa yana njano inafuata mishipa, na shina bichi lina michirizi ya kahawia. Inasafiri na nzi weupe shamba kwa shamba, lakini inayoipeleka mbali, kijiji kwa kijiji, ni baiskeli yako iliyobeba mzigo wa vijiti.

Kwahiyo fanyeni hivi. Ingia kwenye shamba la kuchukulia mbegu wakati majani bado yapo, siyo baada ya kukwanyua. Shina safi lifunge uzi. Siku ya kung'oa, kata mhogo wa shina lile, uangalie ndani, ukiwa mweupe ndo uchukue kijiti. Sentimita 25 hivi, macho matano mpaka saba, sehemu ya katikati ya shina. Panda mita moja kwa mita moja, eka inaingia mashina kama 4,000. Tafuteni aina zinazovumilia, Kiroba ni mmojawapo kwa ukanda wetu wa pwani, na msiuache mhogo ardhini miaka miwili mkisema ni benki, kama una michirizi kila mwezi unaoza zaidi. Shangazi sasa hivi hapandi kijiti ambacho hajaona tumbo lake. Hayo ni maneno yake.

Haya, kamba. Nani anapanda mahindi kwa hatua? Nyosheni mikono msiogope. Nilifanya hesabu hii na mjukuu wangu wa darasa la sita na nikaona aibu. Kamba yangu ina vipande vya kanga kuukuu nimevifunga kila sentimita 60. Mstari mpaka mstari 75. Kila shimo mahindi mawili. Eka moja ni mita za mraba kama 4,047, gawanya, unapata mashimo karibu 9,000, mahindi 18,000. Kila hindi likikupa gramu 150 za punje tu, siyo gunzi kubwa hilo, unakuwa na kilo 2,700. Gunia 27 za kilo mia! Haya toa ya ndege, toa ya nguruwe pori, toa ya mwizi, toa yasiyozaa, kata hata nusu. Inabaki 13. Wewe umevuna ngapi mwaka jana? Tano. Na wewe? Saba. Sasa mahindi yako mengine yalikuwa wapi? Hayakuwepo! Hayakupandwa. Umelima eka, umepalilia eka, umepanda nusu eka. Na pale ulipoachia shimo lina punje nne zinagombana.

Kizibo. Kizibo cha soda kikijaa mbolea kwa usawa, bila mlima, ni kama gramu 5. Mashimo 9,000 mara tano ni kilo 45, mfuko mmoja huo wa kupandia, umebaki na kidogo. Imekaa yenyewe. Lakini mbolea isiguse mbegu! Mimi mwaka wa kwanza nilimimina DAP nikaweka punje juu yake nikafukia, nikajiona mtaalamu, wiki ya pili shamba limeota moja moja hapa na pale, nikachimba nikakuta punje zimeungua. Mbolea chini, udongo kidogo, ndo mbegu, ndo udongo tena. Na urea ukiikuzia juu juu kwenye jua bila kufukia inapaa hewani, ile harufu kali unayoisikia ni hela yako inaondoka.

Wadudu nitapita haraka maana bwana shamba atakuja na somo hilo wiki ijayo. Kiwavijeshi vamizi alionekana Afrika 2016, kwetu akafika 2017, na anaishi ndani ya kile kikombe cha mahindi machanga. Ukipiga dawa saa sita mchana umeogesha majani, yeye amejificha. Asubuhi mapema au jioni, na elekeza kwenye kikombe. Lakini kwanza pita shambani mara mbili kwa wiki, mayai yake yako kwenye jani kama kipande cha pamba, ponda kwa kidole. Kidole hakina gharama.

Mmeshavuna sasa. Kazi imeisha? Nani kasema. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu walikufa kwa sumukuvu, kwa kula mahindi yao wenyewe, ya ghalani kwao. Hiyo sumu huioni na ukipika haiishi. Inatokana na ukungu, na ukungu unataka unyevu, na sisi pwani hewa yenyewe ni maji, vuli ikikukuta umeanika chini kwenye vumbi umekwisha. Anika juu ya turubai. Halafu chukua chupa hii, ikauke kabisa, tia chumvi kavu kidogo, tia kiganja cha mahindi, funga, tikisa. Chumvi imeganda kwenye kuta za chupa? Bado mabichi. Imeanguka chini? Yanakaribia, ongeza siku moja mbili za jua, ndo utie kwenye ile mifuko ya kinga njaa inayobana hewa, humo hata dumuzi, yule mdudu anayetoboa mahindi ghalani, anakufa. Dumuzi yule, watu wa Tabora walimwita Skania, kama lile lori. Mnacheka lakini ndo jina lake.

Namalizia na daftari. Mali bila daftari huisha bila habari, mmeimba wenyewe shule ya msingi. Mimi mwaka juzi dalali alikuja akaninunulia machungwa yakiwa juu ya mti, laki sita taslimu, nikanunua mpaka viti. Jioni mjukuu ananiuliza, bibi umepata faida ngapi? Nikamwambia laki sita. Akachukua kalamu. Palizi mbili, laki mbili na nusu. Mitego na dawa ya nzi wa matunda, elfu tisini. Mlinzi miezi mitatu, laki na elfu themanini. Imebaki elfu themanini. Kwa mwaka. Akagawa kwa kumi na mbili, elfu sita na kitu kwa mwezi! Bibi, akasema, hiyo ni vocha. Mwaka uliofuata dalali alipokuja nilimwekea kiti kile kile, nikafungua daftari mbele yake nikamsomea mstari kwa mstari, akakuna kichwa, akapanda mpaka laki tisa. Alikuwa anajua siku zote. Mimi ndo nilikuwa sijui.

Mama mmoja hapo kaniuliza kamba inauzwa wapi. Mama yangu, hata kamba ya mbuzi inafaa, ukiipima kwa futi kamba ya fundi cherehani. Jumamosi ijayo saa moja asubuhi shambani kwangu, tunapima mistari wote. Njooni na vipande vya kanga kuukuu, na wenye kunywa soda vizibo msitupe. Chai ipo na mihogo ya kuchemsha ipo. Nimeshaikata katikati nikaiangalia.